Kigari Namba Kumi na Nne

Kigari cha gofu cha marehemu Harlan Tidwell kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kiti chake cha kushoto, cha dereva, kilikuwa kimebonyea. Miaka kumi na tisa mtu mmoja alikikalia pale pale, mpaka sponji ikachoka kubishana naye ikafuata umbo lake. Kiti cha kulia kilikuwa cha mkewe, Verna. Hicho hakikubonyea, maana Verna ni mwembamba, na hata kanisani hukaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayengoja kuitwa.

Harlan alifariki mwezi wa pili. Ilipofika masika ya kule Georgia, misonobari ikaanza kumwaga ule unga wake wa manjano, Verna alitoka gerejini na kitambaa chenye maji, akakifuta kigari chote: taa, kioo, namba kumi na nne iliyobandikwa kwenye boneti. Halafu akakaa kushoto. Alizama kidogo kwenye lile shimo la mumewe. Akakanyaga pedali, kigari kikaondoka kimyakimya, maana ni cha betri.

Tangu siku hiyo kigari kikawa ndiyo miguu yake. Nyonga yake ya kulia ni ya chuma, na kutoka kwake mpaka nyumba ya klabu ya Sorrel Hollow ni mwendo wa kumtoa mtu jasho hata akiwa na nyonga zake za kuzaliwa. Kila asubuhi alichomoa waya wa chaja, akajaza chupa mbili mchanga uliochanganywa na mbegu za nyasi, akazunguka uwanjani kuziba makovu yanayoachwa na fimbo za wachezaji. Harlan ndivyo alivyokuwa akifanya. Kovu moja, mchanga kiasi cha kiganja, kisha unaukanyaga kwa soli ya kiatu uwe sawa na ardhi. Alhamisi alikwenda kula na wanawake wenzake ukumbini. Akirudi alisimama darajani kutazama kasa wakiota jua juu ya gogo. Maisha yake yote yalikuwa kwenye kijia kile, na kijia kile hakipiti gari jingine.

Katikati ya mwezi wa kumi ikaja barua. Aliyeiandika ni Bwana Lamar Whitcomb, katibu wa kamati ya vigari, mzee aliyekuwa mpima ardhi na ambaye suruali yake ina mkunjo wa kukatia mkate. Barua ilisema kwa adabu kwamba namba ya kigari binafsi ni ya mwanachama anayecheza. Mwenye namba lazima kila mwaka acheze walau mashimo tisa, alete kadi ya mapigo yake, kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya mwisho ya mwezi wa kumi. Namba kumi na nne sasa iko kwa jina la Bi Verna Tidwell, na kadi yake haijaonekana. Isipoonekana, namba itabanduliwa, na kigari hakitaruhusiwa tena uwanjani wala kwenye vijia vya klabu.

Verna aliisoma mara mbili. Kisha akaenda nayo barazani kwa jirani yake, Eudora Pickens, aliyekuwa akimenya njugu za pekani na kuzila kabla hazijafika kwenye bakuli.

"Basi cheza," Eudora alisema.

"Nicheze nini, Eudora? Mimi sijawahi kupiga mpira hata mmoja."

"Miaka arobaini na moja umekaa kwenye vigari vya Harlan unatazama. Umekuwa ukitazama nini, mawingu?"

"Nilikuwa naandika."

Na ni kweli, alikuwa akiandika. Chini ya kadi ya gofu kuna mistari miwili ya kutia sahihi: mmoja wa mchezaji, mmoja wa shahidi, yule aliyehesabu mapigo yake, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye bora. Shahidi wa Harlan siku zote alikuwa mkewe. Penseli ilikaa sikioni kwake kama ya seremala. Mwaka fulani Harlan alitoka kwenye majani marefu ya shimo la sita akamwambia, "Andika tano, mpenzi." Verna akaandika sita. Harlan hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu akamletea matunda ya pichi debe zima.

"Wale wezi wa mapigo walikuwa wakimkimbia mumeo," Eudora alicheka. "Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya hiyo penseli yako."

"Na Lamar je? Akisema kadi haifai?"

"Lamar ni rula, lakini rula haina chuki na mtu. Ila usikosee kadi, shoga yangu. Buford Sykes mwaka jana alisahau kutia sahihi. Kadi ikishaingia mkononi mwa Lamar hairekebishwi, hata ungelia damu. Namba yake ikaenda. Sasa mkewe anampeleka klabuni kwa lori la kubebea nyasi."

Wiki mbili Eudora alimfundisha nyuma ya nyumba, penye kamba za kuanikia. Eudora mwenyewe hucheza vizuri, ingawa huongea mpira ukiwa hewani. "Usiupige kama unaua nyoka. Ufagie. Umeshafagia jikoni?" Verna alifagia. Mara nyingine mpira uliondoka, mara nyingine ulibaki ukimtazama.

Ikawa siku ya mwisho ya mwezi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jua la baridi lisilochoma. Verna alitia kwenye kijisanduku cha barafu mikate miwili yenye jibini la pilipili tamu, soda mbili, na karanga za chumvi za kutumbukiza ndani ya soda, maana kule hakuna anayekunywa soda ya uwanjani bila karanga. Saa saba wakaondoka, Verna akiendesha.

"Penseli nipe mimi," Eudora alisema kwenye shimo la kwanza. "Leo shahidi ni mimi."

"Nikupe wewe? Wewe juzi umemsalimia mtungi ukidhani ni mchungaji."

"Mtungi ule ulikuwa umevaa kofia!"

Verna akaiweka sikioni mwake. Akachomeka kijiti ardhini, akaweka mpira juu yake, akarudi nyuma, akavuta fimbo, akapiga. Fimbo ilipita juu ya mpira kwa sauti ya shuka linalokung'utwa.

"Huo ulikuwa upepo tu," Eudora alisema akitazama pembeni. "Mimi sikuona kitu."

"Niliukusudia. Ni pigo moja." Akaandika.

Ndivyo walivyokwenda. Kikundi cha wanaume wanne kilipowafikia, Eudora aliwapungia mkono wapite, na mmoja wao akauliza, "Bi Verna, mwaka huu mtafika?" Eudora akamjibu, "Sisi tutafika. Wewe hilo tumbo litafika?" Wakapita wakicheka. Kwenye shimo la nne Verna alipiga mipira mitatu bwawani, kasa wakateremka kwenye gogo mmoja mmoja. Kwenye shimo la sita mpira wake ukaingia kwenye majani marefu, na alipokuwa akiyasogeza kwa mkono, mpira ukajongea kidogo, kama upana wa kucha. Eudora alikuwa kigarini akitafuna karanga. Hakuna aliyeona. Verna aliyaachia majani. Kisha akatoa penseli, akaandika adhabu ya pigo moja.

Kwenye shimo la nane likatokea jambo. Alifagia, na mpira ukaondoka bila mkono wake kusikia uzito wowote, ukapanda, ukakaa juu kama umesahau kushuka, ukaanguka katikati ya nyasi fupi. Verna aligeuka kumwangalia mtu wa kushoto kigarini. Kiti kilikuwa kitupu na shimo lake. Upande wa kulia Eudora alikuwa amenyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

"Ndiyo huo sasa," Eudora alisema hatimaye, kwa upole.

Walimaliza shimo la tisa saa ya ukutani ya klabu ikionyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Mapigo tisini na saba. Mchezaji wa kawaida angeona aibu kuyasoma. Eudora alibaki nyuma kufunga fimbo, maana kamba ya mfuko ilikuwa imekatika, naye Verna akatangulia, mguu ukimuuma, kofia imepinda. Ndani, kwenye meza ndogo karibu na dirisha, Bwana Lamar alikuwa amekaa na daftari lake, kisanduku cha stika, na kikombe cha kahawa kilichowekwa sambamba na ukingo wa meza.

Verna aliinama, akahesabu tena kwa midomo, tisini na saba. Akatia sahihi haraka, kwa mkono uliokwishazoea. Akamnyooshea kadi.

Bwana Lamar aliitazama. Kisha akasimama, akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Sijaipokea, Bi Verna."

"Bado dakika sita, Bwana Lamar."

"Naiona saa."

"Basi pokea. Mapigo tisini na saba, na hakuna hata moja nililolificha. Kwenye shimo la sita mpira ulisogea na nikajiadhibu mwenyewe." Masikio yake yalikuwa yamepata moto. "Kama ni kucheza vibaya, barua yako haikusema nicheze vizuri."

"Sina neno na mapigo yako. Ningekuwa na neno na mapigo ya wengine kabla sijafika kwako." Mikono haikutoka. "Nasema tu, bado sijaipokea. Mtu akiwa bado na kadi yake anaweza kuitazama."

Verna alisimama na kadi imenyooka hewani, hajui aishushe au aiache. Saa ikatembea. Hapo mlango ukasukumwa, Eudora akaingia akihema, fimbo kifuani kama kuni.

"Nipe nitie sahihi twende nyumbani, miguu imekufa." Akachukua kadi, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali. "We Verna. Mimi nitie wapi? Umekaa kwenye kiti changu."

Verna akaitazama. Mstari wa shahidi ulikuwa na jina lake, Verna Tidwell, ile V yenye mkia mrefu, kama lilivyokaa hapo miaka arobaini na moja. Mstari wa juu, wa mchezaji, ulikuwa mtupu.

Aliketi kwenye kiti cha Lamar bila kuombwa. Akalikata jina lake kwa mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, na Eudora akaandika lake pembeni, kubwa kama tangazo. Kisha Verna akapeleka ncha ya penseli mstari wa juu. Mkono ulikwama kwanza. Lile jina alilolitia mara elfu, pale juu lilitaka kuandikwa polepole, herufi moja, herufi nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akamaliza. Akapuliza kadi, ingawa penseli haina wino wa kukauka.

Bwana Lamar alitoa mikono mifukoni, akaipokea. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Akaandika daftarini, akang'oa stika ya mwaka mpya, akampa.

"Harlan hakuwahi kufikisha tisini na saba kwenye mashimo tisa," alisema.

"Mara moja alifikisha sitini na nane," Verna alijibu. "Ninayo kadi."

Nje, jua lilikuwa limeshuka usawa wa vilele vya misonobari. Verna alibandika stika chini ya kumi na nne, akaisugua pembe zote nne kwa kidole gumba. Kisha akakaa kushoto, akajiweka sawa kwenye lile shimo, akaitoa penseli sikioni, akamwekea Eudora mapajani.

"Shika wewe. Kesho tunacheza tena."

"Mimi? Si ulisema sioni?"

"Nitakuwa nakutajia."

Akakanyaga pedali, wakateremka kuelekea darajani.