Mkono wa Tobias

Tobias akiinua mkono, matarumbeta kumi na manne hunyamaza. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anaongoza bendi ya kanisa la Moravian pale Isevya, na hajazaliwa mpulizaji wa kumpuuza. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia kwamba mtu huyohuyo aliruka kutoka kwenye kiti cha daktari wa meno, akadandia bodaboda na kutokomea, viatu akaviacha mlangoni.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, limetoboka. Daktari Advera alikuwa amemweleza waziwazi: likizibwa sasa litapona, likicheleweshwa litang'olewa. Na mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele hupuliza upepo mtupu. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tano, na alfajiri ya Pasaka ni yeye anayepuliza wa kwanza kule makaburini, waumini wanakokusanyika kusherehekea ufufuo. Siku ile ya kutoroka alikuwa ametulia kabisa kitini, mpaka muuguzi alipomwekea mkono begani, kwa wema tu, ili kumtuliza.

Mkewe, Levina, ndiye aliyekwenda kufuata viatu. Alirudi navyo, pamoja na miadi ya Jumanne.

Jumanne hiyo Advera hakumpeleka kwenye kiti. Alimwamkia, akamkaribisha mezani, akamuuliza anadhani nini hasa kitatokea. Tobias akajibu kuwa ni maumivu. Advera akauliza, ukiacha maumivu? Hapo mzee mzima akatazama sakafu. Akasimulia kwamba akiwa na miaka tisa, mnadani Nzega, wanaume wanne walimkandamiza chini huku fundi mmoja akimng'oa jino kwa koleo bila ganzi. Alipunga mkono waache. Hakuna aliyeacha.

"Mtanishika," alisema. "Nitataka mwache, na hamtaacha."

"Basi tuandike hivyohivyo, baba," Advera akasema, akamsogezea daftari. "Kabla, unaandika unachoogopa na una uhakika kiasi gani. Baadaye, unaandika kilichotokea. Ukiinua mkono, naacha. Sitakuuliza sababu."

Tobias akaandika: Watanishika. Asilimia tisini na tano.

Siku hiyo alikaa kwenye kiti na kuinuka, basi. Wiki iliyofuata kikaingia kioo kidogo mdomoni, ya tatu sindano ya ganzi. Na kwa kuwa ni mkaidi wa kuzaliwa, siku ya kioo aliinua mkono mara kumi na moja, bila sababu yoyote, aone kama binti huyu hatachoka. Mara kumi na moja Advera akaacha. Muuguzi akaangua kicheko nyuma ya barakoa, na Tobias naye akacheka, mdomo wazi, kioo kikiwa bado ndani. Uhakika wake ukashuka hadi sitini, kisha thelathini.

Siku ya kuziba aliandika kumi. Mashine ikaanza kulia; aliogopa, na wala hakuficha. Akainua mkono. Mashine ikanyamaza papo hapo, kama bendi yake. Akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa kwamba waendelee. Kisha akaunyoosha mkono wa pili upande wa Levina, aliyekaa kwenye kigoda mikono mapajani, maana daktari alikuwa amemwonya asimguse hata kidogo. Levina akautazama ule mkono, akamtazama daktari.

"Nishike," Tobias akasema, ulimi mzito kwa ganzi.

Nusu saa baadaye jino lilikuwa limezibwa. Advera akamwambia aupumzishe mdomo hadi Ijumaa, kisha apulize atakavyo. Kutoka Ijumaa hiyo, Pasaka ingekuwa bado siku tisa. Akamsogezea daftari. Chini ya maneno *Watanishika, asilimia kumi*, Tobias akaandika polepole: Alinishika mmoja. Nilimwomba mwenyewe.