Kuku wa Mize Anatembea

Mimi Ngwali naunga mifupa tangu sijaota ndevu, na mwaka ule wa sitini na moja nilikaribia kuaibika hapa Wesha kwa sababu ya kuku.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akivunjika mguu, na kuku huvunjwa wake. Wote wawili hufungwa vibanzi vya mti siku moja, na kuku akisimama, mgonjwa naye husimama. Mize, mtoto wa dada yangu, alianguka mkarafuuni. Kuku wake akapona, akachakura uani, hata mayai akataga. Mize yu kitandani, ati mguu haukanyagi. Watu wakaanza kusema mkono wa Ngwali umeharibika. Iliniuma hasa!

Nikawa nakwenda kila siku kuchunguza. Nikampapasa kuku mfupa: umeunga. Nikaupapasa wa Mize: umeunga vilevile. Sasa kinachomlaza ni nini? Hata chakula hakikunipita kwa kutaka kujua.

Siku moja baada ya alasiri nikaifunua shuka miguuni. Unyayo wa ule mguu mgonjwa ulikuwa na udongo mbichi wa kisimani.

Nikamwuliza nani anayemtekea maji. Akaufunika mguu kwa kanga, akalia. Akanieleza kuwa tangu siasa ziingie, Hamood, mume wa ndugu yake Kazija, amemkataza mkewe kukanyaga nyumba hii kwa ajili ya vyama. Harusini hawaendeani, na njiani hawasalimiani. Lakini kumzuia mtu asimtazame nduguye mgonjwa, hilo Hamood hakuthubutu. Angemwambia nini Mungu?

"Mjomba," akasema, "nikisimama, Kazija haji tena."

Nilikasirika, wallahi. Jina langu linachafuliwa mpaka Chake Chake, kumbe yeye mzima! Nikamwambia kesho atatembea mbele za watu, atake asitake.

Hapo Kazija akaingia na bakuli la uji. Mguu ulikuwa umetoka nje ya kanga, akauona unyayo. Nikangoja ashituke, hakushituka. Akachutama, akaufuta ule udongo taratibu kwa ncha ya kanga yake.

"Mjomba," akasema bila ya kunitazama, "Hamood leo kaniuliza Mize kabakisha siku ngapi kusimama."

Wakawa wananisubiri mimi wote wawili. Uani kuku alikuwa akichakura. Nikatoka nikamchinja, nikarudi na vibanzi vyangu, nikaufunga upya mguu mzima.