Benchi la Wageni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, polisi walipomtoa shemeji yangu darasani na kikombe cha chai mkononi. Kikombe kilirudi. Yeye hakurudi.

Tulimwita Mwalimu. Alikuwa mdogo wake mke wangu, na darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha karakana yangu ya makochi. Alisomesha Kurani, na vijana wasio na kazi akawafundisha pia kusoma na kuandika. Hata mimi niliyeishia darasa la tatu nilinyoosha mwandiko wangu humo. Bunduki haikuwamo. Ugomvi mkubwa ulikuwa nani kamaliza sukari.

Wakati wa kura Mheshimiwa, akiwa bado mgombea, alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani na vijana. Akawaita "wanangu". Akawaahidi kiwanja cha shule na kazi. Aliposhinda akasahau njia. Mwalimu akamkumbusha Ijumaa moja mbele ya watu, akamkumbusha na ya pili. Ya tatu akawa mchochezi.

Kifo chake tulikisikia redioni. Tulipokwenda kudai maiti, polisi wakasema amri imetoka juu: maiti ingevuta watu, wameshaizika wenyewe. Wapi? Tukaulize ofisini kwa Mheshimiwa.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwepo mmoja mpole tuliyemwita Kimya. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi ndefu.

"Wametunyima maiti," aliwaambia wenzake. "Sisi hatutawanyima."

Mke wangu akamwambia Mwalimu hakumfundisha hayo. Kimya akainamisha kichwa kwa adabu, akamwitikia, "Naam, mama," akaondoka na nusu ya darasa kwenda msituni. Baadaye walichoma maduka ya Waislamu wenzao na kuwachinja walimu wa shule. Serikali ikalipiga kundi marufuku, na chumba changu kikatiwa kufuli. Redioni wasomi wanasema chimbuko la kundi liko ng'ambo. Chimbuko lake liko nyuma ya karakana yangu, linanuka gundi.

Mke wangu hakuwa na habari na marufuku. Kila Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mheshimiwa kuuliza kaburi. "Nataka nijue nisimame wapi nimwombee," alisema, basi. Walimkalisha kwenye benchi la wageni, ambalo nililivalisha ngozi mimi, mpaka ofisi ikafungwa. Alirudi akinitania.

"Springi yako imenichoma tena, fundi. Uliwatengenezea makusudi wasikae?"

"Wao hawalikalii," nikamjibu. "Wana viti vyao."

Hiyo springi nikadhani ni maneno tu ya mtu aliyechoka kungoja.

Jumatatu moja watu wa Kimya walilipua ofisi ile. Mheshimiwa alikuwa safarini. Waliokuwepo ni mfagizi, mlinzi, na mke wangu kwenye benchi. Waliomuua ni vijana aliowapikia chai. Nikazika mtu wangu kwa mikono yangu, na hapo nikaona tofauti yangu na yeye: mimi nilipewa wa kumzika.

Mwezi uliopita karani wa Mheshimiwa alikuja na wabebaji wawili. Walileta benchi lile la wageni. Mbao zake nzima, ngozi imechanika.

"Mzee, Mheshimiwa anataka nyeusi safari hii," akasema. "Haionyeshi madoa."

Walipoondoka nikabandua ngozi. Kweli springi moja ilikuwa imetokeza, upande wa kushoto, uliokuwa karibu na mlango wa ndani wa ofisi, alipozoea kukaa ili wakitoka wamwone. Nikaikunja. Nikaweka sponji, nikavuta ngozi nyeusi, nikagonga misumari.

Karani alipolifuata alinikuta nimelikalia. Nikamuuliza. Akasema yeye ni mgeni kazini, hajui mambo ya zamani. Wakamtuma mwingine, naye akasema ataniletea jibu. Jana kaja polisi, kijana, ananiita baba, ananiomba nisimame wabebe mali ya serikali. Nikamwambia benchi liko tayari, na mimi sina ugomvi naye, nina swali moja tu ambalo mke wangu aliliacha hapa likiwa limekaa.

Shemeji yangu mlimzika wapi?