Chuma Mfukoni mwa Stephano

Flaviana hakuweza kukaa. Tangu asubuhi alikuwa akienda na kurudi kwenye korido ya hospitali, simu mkononi, hampigii mtu. Ndani alilazwa mdogo wake, Stephano, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Tandika, paja limebabuka kama lililomwagiwa uji wa moto. Aliokota kipande kidogo cha chuma kinachong'aa kwenye mzigo wa mabomba, akakipenda, akakitia mfukoni. Siku hiyohiyo alikwenda Kawe kwa dada yake huyo, akampakata mpwa wake Lulu mpaka mtoto akasinzia.

Hilo la kupakata ndilo lililomtafuna Flaviana.

Mtaalamu wa mionzi, Gaudens, alipotokea, Flaviana alimvaa hata salamu hakumaliza.

"Kaka, hili ni tukio la nyuklia au siyo?"

"Kisheria, hapana. Tukio la nyuklia ni la kinu cha nyuklia, mafuta yake au taka zake. Wanajeshi nao wana majina yao, silaha ya nyuklia ikipotea au ikiungua. Hiki ni chuma chenye mionzi, cha kupigia picha mabomba kutafuta nyufa, kuna kampuni imekipoteza. Sie tunaita dharura ya mionzi."

"Kwa hiyo mdogo wangu kaungua nje ya sheria?"

"Sijasema hivyo, dada."

Flaviana alikuwa wakili. Alijua neno lile lingeamua abishe hodi mlango upi wa mahakama. Lakini mdomoni lilimtoka jingine kabisa.

"Na mwanangu?"

"Damu yake iko sawa. Mpaka sasa."

"Mpaka sasa," akarudia, akaanza tena kutembea.

Stephano alikatwa nyama ya paja, akapandikizwa ngozi, akatoka akichechemea. Flaviana aliifungulia kampuni ile kesi ya uzembe, kesi ya kawaida kama ya gari lililogonga mtu, na kampuni ikakiri kosa kabla mashahidi hawajaitwa. Lulu alipimwa mara ya pili, ya tatu, salama.

Huko Tandika, wenzake walimpa Stephano jina: Nyuklia. Naye akaliitikia kwa kucheka. Siku moja Flaviana alimpitia kazini, akasikia muuza chai akiita, "Nyuklia, chai yako hiyo!" Alifungua mdomo awasahihishe, wanasheria ndivyo walivyo, kisha akaagiza na yake.