Mpangaji wa Kivulini

Bomba la soko lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Matano alibaki ameinama na kopo lake chini ya mdomo wa bomba, akisubiri, kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalizie neno. Hakikuja kitu. Akatazama ndani ya kopo: tope jekundu, lisilotosha kulowesha kidole.

Akarudi mezani pake, akafungua chupa ya maji ya kunywa aliyotoka nayo nyumbani, akazinyunyizia ndimu kwa ncha za vidole. Pilipili akaziacha. Pilipili huvumilia.

"Mzee Matano, leo wazisomea dua?" Jumwa aliuliza kutoka meza ya pili, mchicha wake umelala chali juu ya gunia.

"Nazitawadhisha. Zikifa, zife na udhu."

Jumwa akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani.

Soko hilo dogo la Magogoni lilikuwa na bomba lake, choo chake na gari la taka. Choo sasa kilikuwa na kufuli. Gari la taka lilikuwa likija kila wiki, kisha likawa linakuja likikumbuka, na siku hizi halikumbuki. Jaa lilikuwa limetoka nyuma ya soko likatambaa taratibu mpaka kwenye miguu ya meza za mwisho, na wenye meza hizo wakawa wanauza huku wamejifunga pua.

Meza ya Matano haikuwa huko. Ilikuwa chini ya ukuta mrefu wa ghala, mahali ambapo jua likishapinduka kivuli hushuka na kukaa mpaka magharibi. Aliyepachagua ni marehemu mkewe, Nyamvula, aliyeuza ndimu na pilipili za achari tangu binti yao Mwanarusi hajaota meno. Ndimu haitaki jua. Alipougua alimwachia Matano meza kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshikie kidogo. Akaenda zahanati, akaambiwa dripu hazipo, kaunti haijaleta. Hakurudi kuipokea meza yake.

Kwamba askari wa kaunti anakuja, walijua kwa sababu wa upande wa jaani walianza kufunika vitu. Alikuwa Clifford, kijana wa bara, kirungu kiunoni na kimashine cha kusomea tiketi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akichota pilipili bila kulipa, lakini alikuwa akisema asante.

"Mzee, tiketi."

Matano akaonyesha kwa kidevu meza ya Mama Phoebe, muuza vitunguu. "Si wajua. Mlango mmoja."

"Hiyo imekwisha. Kuanzia Jumatatu kila meza na jina lake kwa sistimu. Meza haina jina, tunabeba."

"Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha!"

Clifford akatazama kushoto na kulia. "Mzee, usiniingize kwa hiyo stori. Nenda ofisini mapema. Ukingoja Jumatatu utalia." Akachukua pilipili mbili. "Asante."

Ilikuwa hivi. Kaunti ilipokataa pesa mkononi, ilisema ushuru wa soko ulipwe kwa simu, kwa mtandao. Watu walinung'unika, wakalipa. Kisha huko juu, Bungeni, wakapandisha kodi ya bando, na ya kutuma pesa vilevile. Mtu akawa anakatwa akiingia mtandaoni, anakatwa akituma, ndipo afike mbele ya kaunti na kilichobaki. Kwa muuza mchicha, safari ya kwenda kulipa ikawa inakaribia kumla zaidi ya malipo yenyewe. Wengi wakaacha kulipa. Clifford akitokea, wanakimbia na karai kichwani.

Safu ya kivulini haikukimbia. Waliweka sufuria katikati ya safu, kila mtu akifika asubuhi anatia chake. Mama Phoebe, ambaye jina lake hasa ni Rosalia, ndiye aliyekuwa na simu ya kioo, basi linanunuliwa bando moja, la simu yake, na kulipwa mara moja. Clifford ndiye aliyewaonyesha pa kubonyeza: hapa, palipoandikwa kibanda kikubwa, safu nzima inaingia, na ni nafuu kuliko meza moja moja. Siku hiyo walicheka sana. Wakauita ujanja wao mlango mmoja. Na sufuria ilikuwa ya Nyamvula, ile yenye tako lililobonyea, aliyokuwa akipikia maharagwe. Matano aliitoa nyumbani kwa mkono wake. Aliona ni vizuri iwe hapo, isikae jikoni ikimtazama.

Alimwachia Jumwa meza, akaenda ofisi ya mapato kwa miguu.

Afisa alikuwa kijana aitwaye Mansur, mtoto wa Kisauni hapo hapo, shati limepigwa pasi vizuri, kola imechakaa. Pangaboi juu yake halikuzunguka. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa kama maiti.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Alhamdulillahi. Karibu, keti. Kiti kile kingine, hicho kina mguu mbovu."

Matano akaketi, akaeleza. Mansur akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkata, na heshima hiyo ikamtia Matano tumaini.

"Mzee, nikwambie ukweli. Katika lile soko lenu, mfumo unaona vibanda vitatu."

"Vitatu? Watu pale wamejaa mpaka mlangoni!"

"Mimi nawaona. Mama yangu hununua ndimu pale. Mfumo ndio hauwaoni. Na sisi hapa tukipeleka hesabu makao makuu, tunaambiwa soko limekufa. Soko lililokufa halipelekewi maji, wala gari la taka."

"Basi ndiyo maana."

"Ndiyo maana. Na hata mimi," Mansur akashusha sauti, "mshahara nausikia tu."

Matano akavichezea vidole vyake vilivyochanika kwa asidi ya ndimu. Halafu akasema, "Hebu nifahamishe jambo, maana mimi shule sikukaa. Tukinunua bando tunakatwa kodi. Tukituma pesa tunakatwa. Hiyo kodi haifiki hapa?"

"Haifiki. Ile ni ya serikali kuu, mzee. Sisi hatuioni hata rangi yake."

"Kwa hivyo wakubwa wameziba njia wakatoza wapitaji. Nanyi mwampiga asiyefika."

Mansur akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha ambiwa hayo. "Wallahi, mzee, ningekuwa na uwezo..." Hakumaliza. Akakifunua kitambaa cha kompyuta, akakirudisha. "Mtandao wa ofisi umekatwa. Kaunti haijaulipia. Una bando?"

"Simu yangu ni hii." Matano akaitoa kabambe yake ya vibonyezo, isiyoingia mtandaoni, iliyofungwa kwa mpira.

"Basi ninunulie bando la simu yangu, nikutazamie jina lako papa hapa. La sivyo, itakuwa hadi watakaporudisha."

"Watarudisha lini?"

"Inshallah."

Matano akatoka akaenda duka la jirani, akatoa pesa aliyokuwa ameiweka kando ya kwenda soko kubwa la Kongowea alfajiri kununua ndimu mpya kwenye malori. Akanunua bando. Mwenye duka akamwambia ni dogo siku hizi, asishangae. Akarudi, akasimama nyuma ya Mansur, pumzi ameibana. Kwenye kioo kiduara kilizunguka, kikazunguka.

"Safu ya ukuta wa ghala... ndiyo hii. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Rosalia Nekesa. Kibanda kikubwa. Amelipa vizuri sana huyu mama, hakukosa hata siku. Laiti wote wangekuwa kama yeye."

"Ni sisi hao! Amelipa pesa yetu, kutoka sufuriani!"

"Sufuria haina namba ya simu, mzee."

Hakuisema kwa kejeli. Angeisema kwa kejeli Matano angejua la kumjibu.

"Nikuandike upya, basi," Mansur akaendelea. "Lakini nafasi iliyobaki ni ya nyuma, kule upande wa jaa."

"Kule ni jua toka asubuhi. Ndimu itakuwa kokwa kabla ya adhuhuri. Pale kivulini ni pahali pa mke wangu. Amekaa pale kabla wewe hujaanza chuo."

"Naelewa. Ipo njia nyingine. Mwombe huyu mama aje akuandikishe chini yake."

"Chini yake vipi?"

"Kama mpangaji."

Neno hilo likakaa katikati yao juu ya meza. Matano akalitazama. Akataka kulisogeza, hakupata pa kulishika. Alipofungua mdomo, kiduara kilikuwa kimesimama.

"Bando limekwisha," Mansur akasema, akaigeuza simu kifudifudi. "Pole sana, mzee wangu. Msalimie binti."

Aliporudi sokoni, kivuli kilikuwa kimeshuka. Meza yake ilikuwa vilevile. Jumwa alikuwa amemuuzia ndimu kidogo, akampa pesa bila mzaha wowote, na kukosa mzaha huko ndiko kulikomfanya Matano ageuke.

Sufuria haikuwa katikati ya safu.

Mama Phoebe alikuwa akichambua vitunguu, kichwa chini, akiondoa maganda hata kwenye vile ambavyo havikuhitaji. Simu yake ilikuwa imelala mapajani.

"Baba Mwanarusi, umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama."

"Clifford alipita tena. Na hii simu imeletewa ujumbe." Hakuinua macho. "Wanasema mimi ndiye mwenye safu. Mimi sikuomba, Mungu ananiona. Nimewaambia sisi ni wengi. Clifford akasema basi meza moja ikikosa kulipa, vitunguu vyangu ndivyo vitapandishwa gari. Vyangu. Phoebe yuko kidato cha tatu, Baba Mwanarusi."

"Hujakosa."

"Kwa hivyo kuanzia kesho naomba kila mtu alete mapema. Na iongezeke kidogo, kwa sababu wanasema kibanda chenye wapangaji kina kiwango kingine."

"Kisha kaunti itafungua maji?" Jumwa akadakia.

"Mimi nitajuaje?" Mama Phoebe akafoka, sauti ikampasukia. "Mimi ndiye kaunti?"

Jumwa akaushika mchicha wake akaugeuza upande wa pili, nao ukalala vilevile.

Matano akazitazama ndimu. Zile za juu zilikuwa zimeanza kusinyaa, ngozi zimebana kama uso wa mtu mwenye kiu. Akaikumbuka chupa. Ilikuwa tupu. Akafikiria jaa, na jua la kule, na mikono ya Nyamvula ikipanga ndimu mafungu mafungu bila kutazama. Angeweza kukunja gunia lake sasa hivi. Akaona pia kwamba akilikunja hatakuwa na pa kulikunjulia.

"Wacha nitie ya kesho leo leo," akasema, "nisije nikachelewa."

"Si lazima leo, Baba Mwanarusi."

"Nitatia."

Mama Phoebe akausogeza mguu. Sufuria ilikuwa chini ya meza yake, imewekwa nyuma ya kikapu, imefunikwa kifuniko kisichokuwa chake, na juu ya kifuniko kuna jiwe. Hakumpa. Aliogopa kumpa, au aliona aibu. Akaendelea kuchambua vitunguu na machozi yanamtoka, ya vitunguu au ya kitu kingine.

Matano akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya meza ya mwanamke asiyekuwa mkewe. Akaliondoa jiwe. Akafunua kifuniko. Akapapasa ndani, pesa ya ndimu imo kiganjani, mpaka mkono wake ukafika chini kabisa, pale tako lilipobonyea, ukakaa hapo.

"Umetia?" Mama Phoebe akauliza kutoka juu.