Mwano wa Uongo

Gari jeupe liliingia uani kwa akina Milembe bila hodi, kuku wakatawanyika. Akashuka kijana mwenye raba nyeupe na kamera begani, akasema anaitwa Joakim, anatoka kwenye taasisi ya Dar es Salaam niliyoiandikia kuomba bajaji ya wagonjwa. Hakuwa ametuarifu.

"Nataka mambo yawe ya asili," alisema, akifuta vumbi la Ngulyati kwenye raba zake kwa karatasi yenye manukato.

Nilifurahi. Tangu nimalize chuo sikuwahi kuomba kitu kwa moyo kama ile bajaji.

Nikamweleza kazi yetu. Huku Usukumani ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yowe ambalo kila anayelisikia huacha jembe na kukimbilia linakotoka. Sisi tuliuhamishia mwano kwenye simu, kwa ajili ya wajawazito. Mama akishikwa na uchungu anabonyeza namba, na simu za kitongoji kizima zinalia mlio mmoja. Mwenye pikipiki anaiwasha, mwenye mkokoteni anafunga ng'ombe. Tulianza baada ya Mwandu, dada yake Milembe, kufia njiani akivuja damu huku majirani wakichuma pamba bila habari. Siku ya uzinduzi mama yao, Nyanjige, alinishika mkono mbele ya mkutano.

"Ng'wanone, mwanangu, niahidi hii simu haitalia kwa uongo. Watu wakikimbilia uongo leo, kesho hawaji."

Nikaahidi.

"Safi sana," Joakim alisema. "Basi tuupige sasa hivi. Nataka watu mbio, vumbi, vilio. Huyu dada mwenye tumbo alale hapa."

"Milembe hana uchungu. Bado mwezi mzima."

"Nani atajua?"

Akatoa garini chupa ya maji. Ndani mlikuwa na damu ya mbuzi, nzito, aliyoinunua buchani Bariadi. Alipoifungua, nzi walifika kabla ya harufu. Akaimwaga kwenye kanga ya Milembe, mapajani, akarudi nyuma akainamisha kichwa, kama fundi rangi anayekagua ukuta.

"Bado inaonekana kama rojo la nyanya," alisema, akaongeza.

Milembe alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka. "Mwache, dada Violeth. Bajaji ikija, mimi ndiye nitakayeipanda kwanza. Au unataka nikazalie kwenye mkokoteni?"

Ng'ambo ya ua wa minyaa Nyanjige alikuwa akichuma pamba na wenzake, simu yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Ningempigia mwano, angefika wa kwanza, akute damu kwa binti wa pili.

"Mama yake yuko pale shambani," nilisema. "Ndiye aliyemzika Mwandu."

Joakim aligeuka, macho yakamng'aa. "Kweli? Basi kamera ikae upande huu, tumpate usoni akiingia."

Niliitazama midomo ile iliyokuwa ikitabasamu nikatamani kuosha macho yangu.

"Haupigwi," nilisema.

"Dada, wenzenu wa Lalago nao wanaiomba hii bajaji. Na wao hawana maringo."

Milembe alinyoosha mkono aichukue simu yake mkekani. Nikamuwahi, nikachomoa betri. Kisha nikaichukua ile chupa, nikaenda kuimwaga nyuma ya zizi. Vidole vilinata.

"Wapelekee Lalago," nikamwambia.

"Twende," alimwambia dereva wake. "Hawa wanapenda shida."

Vumbi la gari lilipotua, Milembe alikuwa analia kwa hasira. "Ikinikuta kama Mwandu, utasema nini?"

Nilirudisha betri kwenye simu yake, nikaiwasha, nikangoja hadi mtandao ushike. Halafu nikamvua kanga na kuanza kuifua, haraka, kabla mama yake hajarudi. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu, na nzi walinifuata hadi kwenye beseni.

Shambani hakuna aliyeinua kichwa.