Leteni Mwili wa Hazuro Kwanza

Watu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, hawajui kuomboleza nusu nusu. Anime, katuni ya Kijapani waliyoifuata miaka mitatu, ilikwisha Ijumaa, na kufikia Jumapili baada ya kanisa, kibanda cha video cha Muriuki kilikuwa na kamati kamili ya mazishi: Muriuki mwenyekiti, Tiffany wa kuongoza nyimbo, viti vya plastiki vya kuazima na sufuria kubwa ya chai. Marehemu alikuwa Hazuro, shujaa wa upanga, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukanyaga Jogoo Road.

Shida ni kwamba hakuna aliyemwona akifa. Daraja liliporomoka likiwaka moto, moshi ukatanda, kikaonyeshwa kiatu chake kimoja ukingoni mwa mto, basi.

"Amededi," Muriuki alisema. "Hakuna msee anaweza toka kwa hiyo moto."

"Kiatu kimoja si maiti," Mwongeli akamjibu.

Mwongeli ndiye mchoraji wao. Mabango ya vinyozi mtaa mzima ni kazi ya mkono wake. Ukuta wa kibanda nao ni wake, ingawa hakuutafuta. Pale kwao kijana akifa huchorwa ukutani: uso wake, siku aliyozaliwa, siku aliyokufa. Mwongeli alikuwa amechora wanne. Wa mwisho ni Ndolo, kaka yake, aliyepigwa risasi akitoka kazini, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyemfyatulia. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ubavuni mwa Ndolo, na kamati ilitaka Hazuro achorwe hapo na tarehe zake mbili.

"Sichori mfu mwingine hapo," Mwongeli alisema.

"Sawa. Tutaita yule mchoraji wa mtaa wa Mowlem," Muriuki alisema.

Hapo damu ikamchemka. Yule wa Mowlem! Mtu anayechora masikio kama maandazi, ndiye aje kumwekea Ndolo kifo kingine kando? Alinyakua mkebe wa rangi, akapanda juu ya kreti ya soda, akaanza kuchora kabla hawajamwita.

Walibishana chini yake wakati wote huo. Muriuki alisema upanga ulivunjika. Mwongeli akasema upanga si uti wa mgongo.

"Lakini mathake alilia," Tiffany alisema. "Mama hujua."

"Mamangu alikuwa analia Ndolo akikosa kushika simu, na kumbe yuko kwa kinyozi."

Wakacheka, hata yeye akacheka. Kisha akamkumbuka Ndolo alivyoletwa maiti, amevaa viatu vyote viwili, kamba zimefungwa vizuri. Siku hiyo hakuwa na la kubishia. Leo alikuwa nalo, na hakuwa tayari kunyang'anywa na mtu yeyote.

Aliposhuka, Hazuro alikuwa amesimama ukutani, mguu mmoja peku, macho yameikodolea kamati nzima. Chini yake palikuwa pameandikwa: "Alizaliwa siku ya mvua ya kwanza." Basi.

"Na ya kufa?" Muriuki akauliza.

Mwongeli alimpa brashi. "Andika wewe. Panda, usimame hapo karibu na Ndolo, uandike."

Muriuki alipanda. Alisimama hapo mpaka rangi ikamdondokea kwenye kiatu cha kanisani. Uso wa Ndolo ulikuwa usawa wa bega lake.

"Huyu nilimbeba," alisema mwishowe, akimgusa Ndolo shavuni. "Nilisikia uzito wake. Huyo mwingine sijambeba."

Akashuka, akarudisha brashi.

"Mkileta mwili mtanipata hapa hapa," Mwongeli alisema. "Mpaka siku hiyo, yuko hai. Na asiyetaka aangalie ukuta mwingine."

Tiffany aliitazama ile sufuria, akauliza sasa chai ya matanga itakuwa ya nini.

"Ya kumngoja," Mwongeli alisema, akavuta kiti.